Hodi Tatu na Hedifoni Moja

Bi Mwanahamisi alipofariki, vitu vyake viligawiwa baada ya arobaini. Wakubwa walipata vya wakubwa: kitanda cha besera, sanduku la mninga, na lile sufuria lake la pilau ambalo mtu angeweza kuogea. Mimi nilikabidhiwa kopo la maziwa ya unga. "Hili alilisemea mwenyewe," waliniambia. "Alisema wewe ndiye mwenyewe."

Nikajua kabla sijalifungua. Nilipoling'oa kifuniko, harufu ikanipanda puani kwa zamu: kwanza udi, chini ya udi mafuta ya nazi, na chini kabisa, ikiwa na subira, tumbaku ya Babu yangu ambaye ana miaka mingi kaburini. Ndani imelala hedifoni. Si hizi za kuchomeka tunduni, ni ile ya kubandika juu ya masikio, yenye utepe mwembamba wa chuma kichwani, inayokunjika ikawa ndogo kama sambusa. Sponji zake za mwanzo zilikwisha kuwa unga zamani. Bi Mwanahamisi alizivika vitambaa vya kanga, kavishona kwa mkono, mshono mdogo mdogo kama wa kofia ya hariri.

Niliingiza uso mzima ndani ya kopo. Waliokuwepo walidhani nalia wakaanza kunipigapiga mgongoni. Nilikuwa nacheka.

Sasa ona mambo: wiki ile ile nilikuwa nahangaika kununua hedifoni mpya kwa simu. Siku hizi hununui kitu mpaka usome kwanza maoni ya waliokinunua kabla yako. Nilisoma maoni mpaka macho yakaota kutu. Mmoja kaandika, "Nzuri kwa bei yake." Mwingine, "Sauti safi ila inabana." Mwingine, nadhani wa Tanga, "Nimeivaa saa moja, masikio yamekuwa chapati." Nikasema, hawa wanajaribu, lakini hawajui. Maoni ya hedifoni ya bei nafuu niliyasikia mimi, uani kwetu Mlingotini, yakitolewa na watu walioishi nayo nyumba moja, na maoni yangu mimi mwenyewe ndiyo yaliyotaka kuvunja ndoa ya watu.

Mwalimu wangu wa insha katika masomo ya jioni, nilikomalizia kidato cha nne nikiwa na mtoto mgongoni, alizoea kuandika pembeni mwa karatasi zangu: "Punguza chumvi." Nimepunguza. Iliyobaki humu ni ya kutosha mchuzi tu.

Hedifoni ile ililetwa na Mjomba Athumani, kaka yake mama, aliyekuwa akifanya kazi ya kupakia mizigo Dar. Aliingia Mlingotini nayo kichwani, waya umeshuka ukazama mfukoni, na akatembea nayo hivyo siku mbili. Akisimama dukani anatikisa kichwa. Akipita kisimani anafumba macho. Vijana wenzake walimfuata kwa mstari kama bata. Akiulizwa anasikiliza nini, anainua kidole, maana yake nyamaza, hapa ndipo patamu. Siku ya tatu Bibi yangu, ambaye hakuumbwa kuvumilia mambo yasiyoeleweka, alimkamata uani, akaufuata waya kwa mkono kama anavuta kamba ya ndoo. Ukatoka mfukoni na ncha yake tupu. Haukuwa umechomekwa popote.

"Athumani," Bibi alisema, "siku tatu unacheza ngoma ya nani?"

"Mama, nilikuwa naizoesha kichwa kwanza."

Hayo yakawa maoni ya mwenye mali wa kwanza: kwamba hedifoni lazima izoeshwe kichwa. Aliporudi kazini aliiacha kwetu, akasema imeanza kumbana. Kwa kweli aliona haya.

Babu akaichukua. Lazima nieleze kwanza masikio ya Babu. Babu alikuwa hasikii. Si kwamba alisikia kidogo, ukitaka kumwambia chakula tayari, ulijaza kifua pumzi, ukapiga ukelele, na kuku wa nyumba tatu wakapanda mitini, ndipo Babu akageuka taratibu na kusema, "Nani kaita?" Alikuwa na redio yake ndogo ya betri mbili, ya kuenea kiganjani. Alipenda kuibeba, lakini kuisikiliza aliwaachia wengine. Siku Bibi alipomvisha hedifoni, akaichomeka kwenye redio na kuzungusha sauti mpaka mwisho, Babu aliruka kitini kama ameketi juu ya kaa la moto.

"Nasikia!" akasema. "Nasikia Unguja! Jamani, nasikia watu wa Unguja wanaongea!"

Ilikuwa ni stesheni ya huko, wanasoma bei ya karafuu. Babu alilia machozi kwa bei ya karafuu, na sisi hatukuwa na mkarafuu hata mmoja.

Nilikuwa na umri wa kuanza kung'oka meno ya mbele, na akili yangu ilifanya hesabu yake hapo hapo. Babu bila kitu hiki hasikii hata mtu aliyesimama mbele yake. Babu na kitu hiki anasikia mpaka Unguja, ng'ambo ya bahari. Kwa hiyo kitu hiki ni masikio ya ziada, unayaongeza juu ya yale uliyozaliwa nayo, na mwenye kuyavaa anasikia kila kitu kilichopo kati yake na Unguja: samaki, majahazi, na sisi tunaonong'ona jikoni. Ushahidi nilikuwa nao. Siku moja Babu, hedifoni kichwani, alitutangazia, "Kesho mvua." Kesho yake mvua ikanyesha. Tangu hapo kila alipoivaa mimi nilitembea kwa ncha za vidole na kuacha kuiba sukari.

Bibi alijaribu mara moja tu. Aliishika kwa vidole viwili kama anashika mkia wa panya, akaibandika juu ya sikio moja, akaitupa mkekani.

"Mwanamume kaingia ndani ya kichwa changu anaongea," alisema. "Hodi hakupiga!"

Maoni ya Bibi hayakubadilika mpaka mwisho. Kwake yeye, mtu mwenye adabu anapiga hodi mara tatu, na asipoitikiwa anaondoka. Redio ya mezani angalau inaongea barazani, na wewe ukitaka unasogea. Hii inaingia mpaka chumbani.

Aliyeivaa zaidi ya wote hakuwahi kutoa maoni, kwa sababu alikuwa anaivaa kwa siri. Huyo ni Mama mdogo Zuhura, mdogo wake mama yangu, binti wa mwisho wa nyumba ile. Alikuwa amechumbiwa na Shaabani, fundi baiskeli wa Bagamoyo mjini. Barua ya posa imekuja, imejibiwa, na Ijumaa ya mwisho ya mwezi mahari ingeletwa. Kati ya hapo, kwa sheria za Bibi, mchumba na mchumba hawaonani wala hawaongei. Wakikutana njiani kwa bahati mbaya, mmoja ageuke mti.

Lakini Shaabani alikuwa na njia yake. Wa rika langu mnakumbuka kadi za salamu: unanunua kadi, unaijaza majina, unaituma redioni kwa posta, na baada ya majuma kadhaa mtangazaji anakusomea kwa sauti nzito, fulani akiwa mahali fulani anawasalimu fulani na fulani na fulani, na ujumbe wake ni huu. Shaabani alikuwa mgonjwa wa kadi. Kila Jumamosi saa kumi alasiri alisomwa. Na kila Jumamosi saa kumi, Babu akiwa amebaki msikitini na wazee wenzake baada ya Alasiri, Mama mdogo aliichukua hedifoni, akaibandika masikioni, akafunga ushungi juu yake, waya akaupitisha ndani ya gauni, na redio akaifunga kwenye pindo la kanga kiunoni. Ukimwona, ni binti mtulivu amekaa kwenye mbuzi anakuna nazi. Hakuna nyumba iliyokuna nazi kama yetu Jumamosi. Tulikula wali wa nazi, maharage ya nazi, samaki wa nazi. Nusura na chai itiwe.

Siri hiyo niliijua mimi peke yangu, kwa kuwa hakuna mtu anayemficha mtoto anayechambua mchele. Nilijua anavaa masikio ya ziada. Kwamba anasikiliza nini, sikujua, wala sikujali. Nilichojua ni kwamba mtu aliyevaa hivyo anasikia Unguja.

Jumamosi moja Bibi alikuwa shamba. Nimeketi na ungo wangu kwenye kivuli cha ukuta, Mama mdogo yuko kwenye mbuzi, ameupa mgongo mlango wa uani. Nikasikia, "Hodi!"

Walikuwa wanawake wawili wenye mabuibui mazuri na miavuli, wageni kwangu. Mnene wao alisimama mbele, mwembamba nyuma. Nilitoa shikamoo, wakaitikia marahaba, lakini macho yao hayakuwa kwangu. Yalikuwa mgongoni kwa Mama mdogo. Baadaye ndipo nilipojua desturi yenyewe: kabla mahari haijatoka, wanawake wa upande wa mume hupita siku isiyotarajiwa, wamwone mwali akiwa hajajipanga. Yule mnene ndiye Bi Mwanahamisi, mama mzazi wa Shaabani.

"Hodi, wenyewe!" alisema.

Mama mdogo akatikisa kichwa. Kwaru, kwaru, nazi inakunwa.

"Hujambo, mwanangu?"

Akatikisa kichwa tena, safari hii na mabega.

"Hodi, jamani, hodi!" Ya tatu hiyo, na aliipiga kwa sauti ambayo hata Babu angegeuka.

Mama mdogo akainua uso kuelekea juu, akatabasamu peke yake, akaendelea kukuna.

Bi Mwanahamisi alinigeukia. "We mtoto, huyu dada hasikii?"

Niliona heshima ya nyumba yetu iko mikononi mwangu. Mtu wetu aambiwe hasikii, naye kavaa masikio manne! Nikasimama, nikaweka ungo chini, nikasema kwa fahari:

"Anasikia! Huyo anasikia mpaka Unguja. Amewasikia, hataki tu."

Yule mwembamba alisema "Astaghfirullah" kwa pumzi. Bi Mwanahamisi alifunga mwavuli wake ingawa jua lilikuwa kali, akageuka, wakaenda. Nikarudi kwenye mchele nikiwa nimeridhika kabisa. Na Mama mdogo alipovua hedifoni na kuifuta kwa kanga, sikumwambia kitu. Umwambie mtu jambo alilolisikia mwenyewe?

Siku ya tatu mshenga akaja. Mzee Kombo alikuwa mtu mfupi wa maneno marefu, lakini siku hiyo hata kahawa alikataa, na nikaona Bibi anakaza kanga kiunoni.

"Wenzetu walipita kutazama," alisema, "wakarudi na mawili. Ama binti hasikii, na hilo mngetuambia mapema, maana baba yake tunamjua na masikio yake tunayajua. Ama binti anasikia na ana kiburi. Na mama mkwe anasema, kama ni kiburi, basi heri angekuwa kiziwi."

"Nani kasema kiziwi?" Bibi aliuliza.

"Hodi tatu, Bibiye. Tatu, na salamu juu. Mwali anatikisa kichwa kama mbuzi anayetafuna. Ijumaa isimamishwe kwanza."

Kutoka chumbani kilisikika kitu kimeanguka. Alikuwa Mama mdogo, ameketi chini ghafla. Nilichungulia nikamwona ameshika mdomo kwa mikono yote miwili, na machozi yanapita juu ya vidole. Sijawahi kumwona hivyo. Alikuwa mtu wa kucheka. Hata akijikata kisu alicheka kwanza. Ndipo nikaanza kushuku kwamba pengine mchango wangu katika jambo hili haukuwa wa sifa.

Mshenga alipoondoka, baraza la nyumbani likakaa. Bibi kwenye kigoda, Babu kwenye kiti chake, Mama mdogo mkekani.

"Mimi sikusikia hodi, mama, wallahi sikusikia," alisema.

"Hodi tatu husikii una pamba?"

Akajibu kwa sauti ndogo sana, "Nilivaa ya Baba."

Ikabidi aseme yote: ushungi, waya, pindo la kanga, Jumamosi saa kumi, Shaabani na kadi zake. Bibi alisikiliza akiwa amefumba macho kama mtu anayeng'olewa jino. Mwisho akayafumbua, yakatua juu yangu. Bibi yangu, kwa utani wa kwetu, aliniita mke mwenza, kwa kuwa mimi ni mjukuu na Babu alidai amenioa.

"Na wewe, mke mwenzangu, uliyekuwa unachambua mchele. Wageni walikuuliza nini?"

"Waliuliza kama hasikii."

"Ukasema?"

Niliwaza kukimbia, lakini mlango ulikuwa nyuma ya Bibi, na Bibi alikuwa na mikono mirefu kuliko mlango. Nikasema, "Nilisema anasikia mpaka Unguja. Nikasema amewasikia, hataki tu."

Mama mdogo akajitupa kifudifudi mkekani. Bibi alifungua mdomo, ukakaa wazi kwa muda wa kupika ugali. Babu, aliyeona midomo inakwenda na haambiwi kitu, akauliza mtoto kafanya nini. Bibi akamsogelea sikioni akampigia ukelele habari yote kuanzia mwanzo, hivyo Mlingotini nzima ikaijua siku hiyo hiyo.

Babu akafikiri. "Lakini mke wangu kasema kweli," akasema. "Mimi nikivaa nasikia Unguja. Tatizo lipo wapi?"

Ni Mama mdogo aliyeanza. Nilidhani analia, mabega yanatikisika, kumbe kicheko kimemshinda. Bibi akamfuata kwa hasira, akicheka na kukemea pamoja. Lakini kilipoisha, wakabaki wanatazamana, na Mama mdogo akasema, "Sasa mama, nitaolewa na nani?" Hapo hakuna aliyecheka.

Bibi alikaa na jambo hilo usiku kucha. Asubuhi alikuwa na mpango.

"Kwa maneno hawatatuamini," alisema. "Nikienda kumwambia Bi Mwanahamisi kwamba mwanangu alikuwa na mtu kichwani, atasema tumemletea mwenye jini. Tutakwenda na chenyewe. Jumamosi, saa kumi isifike hatujafika." Kisha akamgeukia Mama mdogo. "Una hakika husomwa kila wiki?"

"Hajakosa, mama."

"Akikosa wiki hii, ujue umebaki na mimi."

Siku hiyo nilizianika betri juani tangu asubuhi, kama tulivyozoea, ili zipate nguvu. Niliketi pembeni yake nikizigeuza kama vitumbua. Tukaenda mjini, Bibi na mimi, hedifoni na redio ndani ya kikapu cha ukindu, juu tumefunika kwa kitambaa cha maandazi. Nilibebeshwa kikapu mimi, kwa sababu mwenye kuharibu, alisema Bibi, abebe.

Bi Mwanahamisi alitupokea kwa adabu ya barafu. Alituwekea mkeka, alituwekea maji, alituuliza habari za nyumbani, habari za shamba, habari za wazee, na kila "njema" tuliyosema aliipokea kama risiti ya kitu kibovu. Bibi hakuzunguka.

"Mwenzangu, nimekuja na jambo, na jambo lenyewe huvaliwa," akasema. Akanipa ishara nikafunua kikapu.

Bi Mwanahamisi alikitazama kile chuma. "Nivae hicho mimi? Kichwani? Na umri huu?"

"Binti yangu alikuwa amevaa hicho, chini ya ushungi, siku ile mlipokuja. Ukivaa na bado ukanisikia, basi tumekosa, tunaomba radhi na tunarudi kwetu. Usiponisikia, utajua."

Nadhani ni udadisi uliomshinda. Alifungua ushungi, nikambandikia mwenyewe, akafunga tena. Nikazungusha sauti. Macho yake yakawa makubwa kama vikombe vya kahawa.

"KUNA MTU HUMU!" alipiga kelele. Alikuwa hajisikii mwenyewe, kwa hiyo kila alichosema kilifika sokoni. "ANASOMA MAJINA YA WATU!"

"Mwenzangu," Bibi akamwita taratibu. Hakugeuka. "Bi Mwanahamisi!" Hakugeuka. Bibi akaniangalia, akanikonyeza. Lakini mimi nilikuwa naangalia taa nyekundu ya redio, inavyofifia. Betri zangu zilikuwa zinakufa. Nikazipiga kwa kiganja, nikaomba kila dua niliyofundishwa chuoni, pamoja na ile ya kuingia chooni, maana sikuwa na muda wa kuchagua.

"ANASEMA TABORA," alitangaza Bi Mwanahamisi. "SASA ANASEMA KIGOMA. HAWA WATU WANAJUANA WOTE?" Akaanza kutikisa kichwa kidogo, wimbo umeingia. Kichwa kikafuatwa na mabega. Nikamwona ni Mama mdogo mwenyewe.

Hapo ndipo Shaabani alipotokea mlangoni. Alikuwa mrefu, mwenye grisi mpaka kwenye viwiko, ameambiwa huko kazini kwamba watu wa Mlingotini wako kwao, amekuja mbio kujua kama ana mke au hana. Akasimama kwenye kizingiti kwa adabu.

"Hodi. Shikamoo, mama."

Mama yake anatikisa mabega.

"Hodi! Mama, shikamoo!"

Mama yake ameinua kidole, kama Mjomba Athumani: nyamaza, hapa ndipo patamu.

"Hodi, mama! Mama ana nini jamani?"

Na Bi Mwanahamisi, akiwa amempa mgongo mwanawe, akaruka mkekani. "SHAABANI! KASEMA SHAABANI FUNDI BAISKELI AKIWA BAGAMOYO! ANAWASALIMU... WA KWANZA ZUHURA WA MLINGOTINI! WA PILI... WA PILI MTU WA PAMPU KAZINI KWAKE! WA TATU MAMA YAKE MZAZI! WA TATU MIMI? BAADA YA PAMPU?"

Shaabani alishika mwimo wa mlango kwa mikono miwili. "Anasema na mimi?" alimuuliza Bibi kwa kunong'ona. "Ananisikia?"

"Anakusikia sana, mwanangu," Bibi akajibu. "Ila si wewe uliyesimama hapo. Wewe wa redioni."

Bi Mwanahamisi akanyamaza, amekaza kusikiliza. Taa nyekundu ikapepesa mara mbili, ikazima. Alivua hedifoni polepole, akabaki ameishika mapajani kama mtoto mchanga. Alipoongea, sauti yake ilikuwa imerudi udogo wa kawaida.

"Katoa na ujumbe," alisema. "Kasema, 'Zuhura, hujibu, lakini najua unanisikia.'"

Mimi nilijua kwamba maneno hayo ni kama yangu kabisa, yale niliyoyasema na ungo, na nikashangaa kwa nini yake yamesomwa redioni na yangu yameleta msiba.

Akageuka, akamwona mwanawe mlangoni. "Na wewe umeingia lini? Kwenu huko kazini hampigi hodi?"

"Nimepiga tatu, mama," Shaabani alisema. "Na shikamoo juu."

Bi Mwanahamisi alimtazama mwanawe, akamtazama Bibi, akaitazama hedifoni. Kisha akaanza kucheka, kicheko kilichoanzia tumboni na kikachukua safari ndefu kufika mdomoni, na kilipofika kikabeba kila mtu.

"Basi na mimi nina kiburi," alisema akijifuta macho. "Marahaba, mwanangu, zote tatu. Na ingekuwa mimi ndiye ninayesubiri kutajwa wa kwanza, mtu angebomoa mlango nisiitike. Mwambie Mzee Kombo Ijumaa tunakuja." Bibi aliponyoosha mkono kuichukua hedifoni, akaisogeza upande wa pili. "Hapana, mwenzangu. Mwali nitampokea kwa mikono miwili. Hiki kitu hakirudi Mlingotini."

Ndiyo maana kwenye harusi ile mahari ilikwenda upande mmoja na hedifoni ikaenda upande wa pili, na sijasikia ndoa nyingine iliyofungwa hivyo.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nimebeba kikapu chepesi na moyo mzito, kwa kuwa nilijua nani amelipia. Babu alikuwa barazani, ameweka mkono tayari wazi. Bibi akamsogelea, akamweleza kwa ukelele. Babu akakunja mkono wake, kidole kimoja kimoja.

"Mwambieni Bi Mwanahamisi," alisema, "upande wa kulia una sauti zaidi."

Maoni yote niliyosoma kwenye simu, nyota kwa nyota, hakuna yaliyonipenya moyoni kama hayo.

Kesho yake nilisogeza kigoda karibu na sikio lake la kulia, nikaegesha mikono mdomoni, nikaanza kumtangazia habari. Za jirani, za chuoni, bei ya karafuu. Habari zilipokwisha nikaziongeza, maana Babu alikuwa bado ametega. Nilimletea mafuriko, papa mwenye ukubwa wa msikiti, mbuzi wa Mzee Kombo aliyekula barua ya posa. Siku hizo hizo chumvi iliniingia, na mwalimu wa insha hajaweza kuitoa. "Redio ile haikuwa na habari kama hizi," Babu aliwaambia wenzake. Kwa mara ya kwanza tulipigiana kelele bila kuku kuruka, walikwisha zoea.

Juzi nimelipeleka kopo kwa Mama mdogo alione. Alikuwa uani kwake, kwenye mbuzi ile ile, anakuna nazi, mvi zinachungulia kwenye ushungi. Aliivaa hedifoni akaguna, akasema bado inabana, akanirudishia. Tukiwa hapo tukasikia mlangoni, "Hodi!" Baba mdogo Shaabani anatoka kazini, amechelewa tangu adhuhuri na samaki wa mchana hakuleta.

Mama mdogo hakuinua kichwa. Kwaru, kwaru.

"Hodi, mama Fulani."

Kwaru, kwaru.

"Hodi, jamani, hodi! Hasikii huyu?"

Nikaweka kopo chini, nikasimama, kama nilivyosimama siku ile.

"Amekusikia, Baba mdogo," nikamwambia. "Hataki tu."

Akaketi kwenye kizingiti, akavua viatu, akasubiri.